Wageni Waliotangulia

"Mlima wa kunipoteza mimi haujaumbwa," Ekaale alisema, akaipuliza chai yake kwa madaha. "Na siku ukiumbwa, utaanza kwa kuniuliza njia."

Ereng, mwongozaji mwenzake wa wapanda milima, nusura apaliwe na mandazi. Walikuwa kwenye hoteli moja karibu na steji ya matatu ya Lodwar. Ekaale alikuwa amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa haijatoka, na viatu alivyovipiga rangi mpaka nzi akitua anateleza.

"Ukifika Kakuma kuposa, mwambie baba ya msichana maneno hayo hayo," Ereng alisema.

"Nitamwambia. Kwani ni uongo?"

"Mimi sikuwa huko. Na mama yako amesemaje?"

"Mama amesema Wakongo wanakula majani. Ameniuliza kama nimeamua kuwa mbuzi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mbuzi ndiye mpanda mlima hodari kuliko wote. Akanifukuza na mwiko."

Wakacheka, wakagongana mabega, na Ekaale akaondoka na majigambo yake yote bila kuacha hata moja mezani. Ila kuhusu lile la kutopotea, tuseme ukweli mapema. Haukuwa uongo mzima. Nusu yake ilikuwa kweli, na ile nusu nyingine ilikuwa imelala juu ya milima ya Pelekech. Ekaale alikuwa akimwomba Mungu iendelee kulala.

Barabara ya Kakuma siku hizi ni lami, haina tena hadithi ya kusimulia. Akafika kwenye kambi ya wakimbizi jua likiwa bado kali, akapita kati ya vibanda vya wauza simu na wauza mitumba, akasalimiwa kwa Kiswahili cha kila namna, mpaka akauona ua wa mabati na miiba aliokuwa akiuona kwenye ndoto. Annick alikuwa amesimama mlangoni.

Tuanze na miguu yake, kwa sababu Ekaale naye alianza hapo. Annick alikuwa mrefu, na nyayo zake zilikuwa ndefu kuliko za wasichana wengi. Alivaa akala, viatu vya tairi, za saizi ya wanaume, na kila akiangaliwa chini alikuwa na tabia ya kuuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Ekaale kila alipomwona akifanya hivyo alitamani kumwambia: usiufiche, huo ndio nilioanza kuupenda. Lakini angesema hivyo ingebidi aeleze mengine, na hayo mengine ndiyo yaliyokuwa yamelala Pelekech.

"Umechelewa," Annick alisema.

"Sijachelewa. Nimekuja polepole ili unikumbuke."

"Nimekukumbuka ukiwa na soksi iliyotoboka kidole. Imepona?"

"Annick! Siku ya leo?"

"Hasa leo." Akamtazama kuanzia kola mpaka viatu, na macho yake yakakawia njiani kidogo kuliko ilivyohitajika. Ekaale akasikia joto ambalo halikutoka juani. "Sikiliza. Papa yuko ndani na cherehani yake, na tantine Godelieve, shangazi yangu, yuko jikoni. Tantine atakuchokoza, usimwogope. Ila Papa akikuuliza kitu, jibu kile alichouliza. Usiongeze chumvi."

"Mimi? Chumvi?"

"Ekaale, wewe ni ziwa zima la chumvi."

Akacheka yeye, akacheka na Annick, kisha Annick akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya mlimani akisikiliza kama jiwe lililo mbele litashika uzito wake.

"Lakini mimi bado nina maswali yangu mawili. Hujawahi kunijibu."

"Tena?"

"La kwanza. Siku ile tulipokutana Pelekech, wale wageni wako waliotangulia walishukia wapi? Mimi nilikuwa upande wa Kakuma, njia ni moja. Sikumwona hata mmoja akishuka."

"Walipita ng'ambo."

"Ng'ambo kuna genge, ukuta wa mwamba."

"Walikuwa wageni hodari."

"La pili," Annick akasema, bila kumwondolea macho. "Ulikuwa na midomo mikavu kama ngozi ya ngoma. Mtu mwingine angeniomba maji. Mtu mwingine angeniuliza jina. Wewe neno la kwanza uliloniambia, hata salamu hakuna, ni 'Kesho tunapanda wapi?' Kwa nini?"

Ekaale akachungulia ndani juu ya bega la Annick.

"Baba yako ananingoja," alisema.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi, na tuuseme kwa sauti ya chini.

Ekaale alikulia chini ya milima ya Loima, akichunga mbuzi, na tangu akiwa mdogo alikuwa na swali moja tu: nyuma ya mlima ule kuna nini? Akipanda mlima anakuta mwingine, na swali linaanza upya. Wenzake waliota ng'ombe. Yeye aliota migongo ya milima. Alipokuwa mkubwa, swali likawa kazi, akawa anawapeleka wageni Loima kuona misitu na ukungu. Ndipo, baada ya mvua, akatumwa Kakuma kukagua njia ya Pelekech kabla wageni hawajaletwa huko.

Sokoni Kakuma viatu vyake vilifunguka midomo vyote viwili. Fundi mmoja, Ebenyo, akamkatia akala kutoka tairi la lori lililokuwa kubwa kiasi cha kuvalisha nusu ya Kakuma.

"Mtafute yule msichana Mkongo," Ebenyo alimshauri. "Hiyo Pelekech anaijua kama kiganja."

"Mlima ni mlima tu," Ekaale alijibu, "na mimi ni mimi." Akaenda peke yake.

Huko juu akaona nyayo. Zilikuwa na meno ya tairi lile lile la Ebenyo, na hilo halikumshangaza, tairi ni kubwa. Kilichomshangaza ni mwendo. Mwenye nyayo alikuwa haendi tu, alikuwa anatazama. Kila palipokuwa na mwanya wa kuona mbali, nyayo ziliacha njia, zikaenda mpaka ukingoni, vidole vikazama mchangani kama vya mtu anayejinyoosha aone zaidi. Palipoota maua madogo ya manjano ya baada ya mvua, nyayo ziliyazunguka. Penye maji kwenye shimo la mwamba palikuwa na alama ya goti moja: alipiga goti, akanywa kwa kiganja, hakuchafua maji ya wengine.

Ekaale alichuchumaa pale akasahau kilichomleta. Ni nani huyu? Mzee? Kijana? Anatafuta nini? Mbona anasimama kila ninapotaka kusimama mimi? Njia aliyotumwa kukagua akaitupa kapuni, akaanza kumkagua mtu.

Kisha mwamba ukazimeza nyayo. Akahangaika, akapanda, akateremka, akaja kuzipata tena chini, kwenye laga, mto mkavu wenye mchanga laini unaozunguka kilima kimoja kifupi. Moyo ukamruka. Akafuata. Na ajabu, mwenye nyayo sasa alizidi kufanana naye: alisimama pale pale ambapo yeye angesimama, akageukia kule kule ambako yeye angegeukia. Jua likawa mara liko mkono wa kulia, mara usoni, mara mgongoni, lakini nani anaangalia jua akiwa na jambo kama hilo? Baada ya muda akaona nyayo zimekuwa jozi mbili. Amepata mwenzake! Ekaale akasikia wivu. Baadaye zikawa za kundi zima. Wivu ukawa hasira. Akaongeza mwendo awafikie wote.

Mpaka miguu ikakataa. Akakaa juu ya jiwe, na Annick akateremka kutoka juu ya mwamba, mrefu, kapelo ya njano kichwani. Kabla hajamwangalia Annick uso, Ekaale aliangalia akala zake, akaangalia jinsi alivyosimama ukingoni na vidole vikijinyoosha, akamjua. Ndipo likamtoka lile neno: "Kesho tunapanda wapi?"

Annick alicheka. "Hata leo bado hujashuka! Wenzako wako wapi? Nimeona nyayo za watu wengi."

Ekaale akatazama chini. Kwenye kila unyayo wa lile "kundi" palikuwa na mkato mdogo wa kisigino. Akainua mguu wake. Mkato ulikuwepo, akala yake ilichanwa na jiwe asubuhi ile.

Mwongozaji wa Lodwar, bingwa wa Loima, alikuwa amejifuata mwenyewe tangu jua liko utosini.

"Wametangulia," akasema.

Na neno likishatoka ni kama mbuzi aliyeona shamba la watu, halirudi. Tangu siku hiyo walikuwa wamepanda pamoja mara nyingi, Annick akimwonyesha Pelekech, Ekaale akimsimulia Loima. Walikuwa wakikaa juu, mabati ya Kakuma yakimetameta chini kama samaki waliomwagwa, wakigombana juu ya kilicho nyuma ya mlima unaofuata, kama mtu anavyogombana juu ya chakula. Hakuna mtu aliyewahi kulielewa swali la Ekaale kama Annick, kwa sababu Annick naye alikuwa nalo tangu akiwa mgongoni kwa baba yake. Lakini wale wageni hodari wasioshuka walikuwa bado wanakaa katikati yao.

Papa Hilaire alikuwa fundi nguo. Alikuwa anashona kanzu za kwaya ya kanisa, kitambaa cha zambarau kikimwagika kutoka mapajani mwake mpaka sakafuni. Hakuacha kukanyaga cherehani mgeni alipoingia. Alionyesha kiti kwa kidevu.

"Karibu, mutoto. Ikaa."

"Asante, Papa."

Tantine Godelieve, dada yake Hilaire, alitokea na sahani ya wali na sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa, akaiweka mbele ya Ekaale, akasimama mikono kiunoni kumwangalia akila. Ekaale akamkumbuka mama yake na mbuzi, akala kwa bidii.

"Anakula," Godelieve alimwambia Annick, kana kwamba mgeni hasikii. "Hiyo ni mazuri. Lakini ni mwembamba sana. Upepo wa Lodwar haumubebe?"

"Tantine!"

"Ninauliza tu. Mutu akiuliza ni makosa? Na weye, mutoto, hiyo kazi yako ya milima. Leo uko Loima, kesho uko Katilu, kesho kutwa batu banakuita Nariokotome. Mutoto wetu atabaki na nani? Na mawe?"

"Tutakwenda pamoja, Tantine. Hata yeye ni mwongozaji. Vijana wa Kakuma wote amewapandisha yeye."

"Bote babili mulimani? Na sahani ataosha nani?"

"Nitaosha mimi."

Godelieve akageuka kwa Hilaire. "Umesikia? Ataosha sahani. Andika hiyo." Akarudi jikoni.

Cherehani ilikwenda tak-tak-tak bila kuyumba. Ekaale akaanza kupumua. Ndipo Papa Hilaire, macho kwenye sindano, akauliza.

"Huyu binti alipanda mulima peke yake, akarudi na jina lako. Nataka kusikia kwa kinywa chako. Mulikutana namna gani?"

Jibu alichouliza. Usiongeze chumvi. Ekaale alilikumbuka onyo, na kwa sekunde moja nzuri alikuwa mtu mkweli. Kisha akamwona Annick ameegemea kizingiti, akimtazama na ule udadisi wake wa kumeza mtu, na ulimi ukajiendea.

"Nilikuwa na wageni, Papa. Kundi kubwa."

"Kubwa?"

"Kubwa. Sasa, kiongozi mzuri hukaa nyuma, ahakikishe hakuna anayeachwa. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye goti baya."

"Mzee mwenye goti baya hukuwahi kuniambia," Annick alisema kutoka mlangoni.

"Hukuuliza."

"Na huyo naye alitangulia? Na goti lake?"

"Alikuwa na fimbo."

"Akashuka genge na fimbo."

"Annick, muache asimulie," alisema Hilaire. Tak-tak-tak. "Endelea."

Ekaale akaendelea. Kwa kila sentensi kundi lake liliongezeka mtu: mama mmoja aliyeogopa nyoka, vijana wawili waliokuwa wakipiga picha kila jiwe. Aliwapenda. Walikuwa wageni wazuri, wasiolalamika. Na alipofika mahali pa kumwona Annick akishuka, sauti yake ikabadilika yenyewe ikawa ya kweli, maana hapo hakukuwa na haja ya chumvi. Akaeleza kapelo ya njano. Akaeleza jinsi alivyosimama ukingoni kama mtu aliyesahau kwamba ana mwili. Annick akainamisha uso, na mguu mmoja ukaenda kujificha nyuma ya mwenzake.

"Na weye," Hilaire aliuliza taratibu, "siku hiyo hukupotea hata kidogo?"

"Mimi?" Ekaale akajipiga kifua, na hapo ndipo alipoharibu. "Papa, usiwe na wasiwasi na binti yako. Mimi najua njia."

Cherehani ikasimama.

Jikoni, kifuniko cha sufuria kilimponyoka Godelieve, kikazunguka sakafuni kwa kelele mpaka kikalala, na hakuna aliyekiokota. Annick alikuwa amefumba macho. Ekaale alitazama huku na huku kama mtu aliyekanyaga kitu gizani bila kujua ni nini.

Papa Hilaire alivuta uzi, akaukata kwa meno, akajaribu kuutia tena kwenye tundu la sindano. Ulikataa kuingia. Akauacha.

"Mutoto wangu wa kwanza aliitwa Dieudonné," alisema. "Siku tunatoka kwetu tulipita juu ya mulima. Huyu Annick alikuwa mugongoni kwangu, mudogo, anachungulia kila kitu, hata hajui kulia. Ukungu ukashuka. Hatuoni mukono. Dieudonné akasema, 'Papa, mungoje hapa. Mie najua njia.'"

Akalainisha kitambaa cha zambarau kwa kiganja, ingawa hakikuwa na mkunjo.

"Tunangoja," alisema.

Nje mtu alikuwa akipita na redio, wimbo ukaja, ukaenda.

"Kwa hiyo mutu akija hapa," Hilaire akaendelea, sasa akimtazama Ekaale moja kwa moja kwa mara ya kwanza, "simuulizi ngombe. Simuulizi kabila. Ninamuuliza kama anajuaka kupotea. Mutu ule hakupotea hata siku moja, siku atapotea atafanya nini? Ataenda mbele tu, sababu ya haya. Ule mutu siwezi kumupa binti yangu. Unisamehe."

Ekaale alimtazama Annick. Annick alikuwa amefumbua macho, na macho hayo yalikuwa yakimwomba kitu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa akimchokoza. Alitaka tu kujua. Na Ekaale aliona wazi kwamba kumpata au kumkosa kulikuwa kumesimama pale mezani, kando ya sahani ya sombe, kukingoja neno moja.

"Papa," alisema, "kuhusu wale wageni..."

Angesema nini? Msomaji mwema ataamini kwamba angesema kweli. Mimi namjua Ekaale. Naomba nisitie sahihi. Maana hatutajua kamwe: mlangoni pakabishwa hodi.

"Ejok!"

"Ejok, mama, ingia!" Godelieve aliitikia kutoka jikoni, kwa furaha ya mtu aliyeokolewa.

Akaingia mama Nakuleu na galoni ya maziwa ya mbuzi. Alikuwa mfugaji wa upande wa Pelekech, shingo yake imejaa shanga mpaka kidevuni, na familia ya Hilaire walikuwa wateja wake wa siku nyingi. Akaweka galoni chini. Akaona kuna mgeni. Akamtazama. Ekaale akaiinua sahani tupu karibu na uso wake kama mtu anayekagua maua yaliyochorwa.

"Wewe," alisema Nakuleu.

"Ejok, mama."

"Wewe si ile mtu ya kuzunguka?"

"Mama, umenifananisha."

"Kufananisha?" Nakuleu alikasirika kweli. "Mimi nachunga mbuzi. Mbuzi mingi, rangi moja, na najua kila moja na mama yake. Wewe mtu mmoja mrefu hivi nitafananisha?"

Annick alitoka kwenye kizingiti. "Mama, huyu ulimwona wapi?"

"Pelekech! Ile wakati majani imetoka. Mimi iko juu ya jiwe na mbuzi yangu, huyu anazunguka hiyo kilima ndogo. Anapita. Nasema, sawa, kijana anapita. Baadaye anapita tena. Baadaye tena! Mbuzi ikazoea. Akitokea hivi, inainua kichwa kumsalimia."

"Na wageni wake?" Annick aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Wageni gani?"

"Kundi. Kulikuwa na mzee wa goti baya. Niliona nyayo zao, mama, nyayo nyingi."

Nakuleu alimtazama Annick kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto wa mjini. "Nyayo nyingi, mtu moja. Hiyo yote ni yake. Alikuwa anajifuata."

Mlangoni mwa jikoni Godelieve aliziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Sasa mama," alisema akijikaza, "mbona hukumuonyesha njia?"

"Hakuuliza. Na alikuwa na furaha, wee! Anacheka, anainama, anaongea. Mtu iko na furaha hivyo, unamkatiza ya nini?"

Papa Hilaire alikuwa bado hajacheka. Aliisukuma kanzu ya kwaya kando.

"Ekaale." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Ulipotea?"

Hakukuwa na mwamba wa kujificha wala mgeni wa kumtanguliza.

"Nilipotea, Papa."

"Mahali gani?"

"Kwenye kilima kimoja tu. Nilikizunguka mpaka nikachoka. Hakukuwa na wageni. Annick ndiye aliyenipata, na nikaona haya."

Kitu kilianza kutembea usoni mwa Hilaire, polepole, kama mtu anayepanda akiwa na mzigo.

"Ulizunguka mahali pamoja."

"Ndiyo, Papa."

"Hukuenda mbali."

"Hapana, Papa. Sikuweza hata nikitaka."

"Bale nilibapoteza bote balienda mbali," Hilaire alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. Akamgeukia dada yake. "Godelieve, unasikia? Huyu akipotea, anapoteaka pale pale. Huyu hata mie mzee naweza kumupata."

Na akaivuta tena kanzu, akatia uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, ukaingia. Tak, ikasema cherehani. Tak-tak. Tak-tak-tak.

Ekaale hakujua kama amekubaliwa au ametukanwa. Godelieve, ambaye alikuwa anamjua kaka yake, alikuwa tayari anafuta machozi kwa kanga ile ile aliyokuwa anachekea.

Lakini Annick hakuwa amemaliza. Alikuwa amesimama mbele ya Nakuleu, kichwa kimeinama upande.

"Mama, umesema alikuwa anaongea. Na nani?"

"Annick," alisema Ekaale, akiinuka, "maziwa yataganda."

"Maziwa ya mbuzi hayagandi haraka. Mama, na nani?"

"Na nyayo," Nakuleu alijibu. "Kwa Kiturkana, kabisa kabisa, kama mtu anaongea na bibi yake. Anasema: 'Wewe unasimama pale mimi nasimama. Unaangalia pale mimi naangalia. Nikikufikia sitauliza jina lako. Sitauliza maji. Nitauliza tu kesho tunapanda wapi.'"

Annick aligeuka. Ekaale alisimama na sahani mkononi, masikio yakimwaka, shati jipya limeloa mgongoni.

"Zilikuwa nyayo zako mwenyewe," Annick alisema.

"Hizo, ndiyo. Lakini za kwanza zilikuwa zako. Zile za ukingoni. Zile zilizozunguka maua." Akaiweka sahani mezani. "Nilianza na wewe, Annick. Nilipotea baadaye."

Annick alitazama chini, kwenye akala zake za saizi ya wanaume. Ule mguu uliokuwa umejificha ukatoka nyuma ya mwenzake, taratibu, ukakanyaga sakafuni kando yake, hadharani. Akainua macho, na Ekaale akayaona yamejaa maji na kicheko kwa pamoja. Laiti mambo yangeishia hapo, kijana wa watu angerudi Lodwar na heshima kidogo.

Nakuleu alikohoa.

"Na ile kitu alifanya kwa mchanga na mdomo," aliuliza, akimtazama Ekaale kwa upole, "niseme, ama ninyamaze?"

Cherehani ikasimama.

"Sema, mama," alisema Annick, akivuta kiti. "Sema polepole."